Mtihani wa Viatu vya Raba

Chiayi, 9 Machi

Shangazi Pi-hsia,

Shikamoo. Mimi ni mzima, paka ni mzima, na mwenye duka la wali wa batamzinga hapa chini anakusalimu, ingawa hajakusamehe tangu mwaka juzi ulipomwambia mchuzi wake una chumvi ya kuhifadhia maiti. Binamu Chih-wei amenunua gari akaligonga kwenye geti la kwake kabla halijafika uani. Mkewe hasemi naye, ila wote wawili wanakusalimu.

Keki ya sukari guru uliyonitumia Mwaka Mpya nimeimaliza jana, nilikuwa naikata vipande vyembamba ili isiishe. Asante. Magoti yanaendeleaje? Na ile shule yako, tangu walipoifunga kwa kukosa watoto, siku hizi wanaitumia kwa kazi gani? Chih-wei anasema alipokuja huko aliona malori yakiingia.

Sasa jambo lenyewe. Shangazi, nimechoka na ile ofisi. Mwezi wa Tisa natimiza miaka kumi na tisa kwenye chumba kilekile cha ushauri nasaha, mlango wa kijani, kochi la kijani, boksi la karatasi za kufutia machozi. Unakijua kile kipimo cha kompyuta tunachowapa wanafunzi kila mwaka, maswali mia na ishirini, halafu kinakuambia kazi inayokufaa maishani. Mwaka huu wameleta kipya, nikaambiwa nikijaribu kwanza mimi mwenyewe. Nikajibu kwa ukweli wote. Majibu yalipotoka nikafunga mlango kwa ufunguo, nikayasoma mara tatu. Nimewaambia wanafunzi zaidi ya elfu nne wakiamini kipimo hicho. Sasa siwezi kujifanya sikiamini eti kwa kuwa kimenigeukia mimi.

Nataka kutoka pale. Nimejiandikisha mtihani, ni mwezi wa Saba. Niombee tu, nisikuchoshe kwa maelezo.

Mwanao,
Su-jung


Penghu, 30 Machi

Mwanangu Su-jung,

Marahaba. Barua yako imetumia siku kumi na sita njiani, kwa sababu upepo ulikuwa mkali na ndege hazikuruka. Nakurudishia ndani ya bahasha hii, nimeisahihisha. Usinune. Nimestaafu kazi, sijastaafu macho. Umepata 71. Umesahau nukta mbili, umeandika "mwaka juzi" wakati ule mchuzi wa maiti niliunywa mwaka jana, na zaidi ya yote umekaa miezi miwili bila kuniandikia na hukuanza na neno samahani. Hizo ni alama tano peke yake.

Najua unasema moyoni, si tungeongea kwa simu tu kama watu wengine. Jibu unalo. Siku Mama Hung, jirani yangu, alipofariki nilikuandikia kwenye simu, ukanijibu kwa picha ya dubu anayecheza. Ulisema kidole kiliteleza. Siku ile niliiweka simu kwenye mtungi wa mchele, na imo humo mpaka leo.

Magoti hayajambo. Karanga tumepanda. Mwambie Chih-wei kwamba gari ni la mtu anayetazama mbele.

Sasa hilo jambo lako. Nilipofika pale uliposema umechoka na ile ofisi, niliinuka nikawasha udi. Hatimaye, mwanangu. Miaka kumi na tisa ya kuwafuta watoto wa watu makamasi inatosha. Ofisi ya ushauri nasaha ni ya kuanzia, ofisi ya mwalimu mkuu ndiyo ya kumalizia, na mimi nilikuwa najiuliza huyu mtoto atafumbuka macho lini. Kumbe hata kompyuta imeona. Hukutaka kunitajia majibu yake kwa unyenyekevu, nakujua, nimekulea tangu una miaka saba.

Ule mtihani si mchezo. Mimi niliufanya mara mbili, na mara ya kwanza niliambiwa sauti yangu ni kali mno. Nitumie nakala ya kadi yako ya mtihani niipeleke hekaluni kwa mungu wa wasomi. Nitaiweka pamoja na sadaka ya seleri ya bidii, vitunguu vya majani vya akili na figili ya bahati, kama nilivyokufanyia mitihani yako yote, na wewe mwenyewe unajua hujawahi kufeli.

Shangazi yako,
Pi-hsia


Chiayi, 2 Mei

Shangazi,

Shikamoo, na samahani. Nimeiweka mwanzoni kabisa ili nisikatwe alama. Barua yako niliipata zamani, ila kila nikikaa kujibu naishia kukunja karatasi.

Paka amezaa watatu, wote mikia imepinda. Chih-wei ameligonga gari tena, kwenye geti lilelile, siku aliyolitoa gereji. Mwenye duka la wali anasema amepunguza chumvi, uje uhakikishe.

Hili la ualimu mkuu, shangazi, ningesema tu kwamba mtu akisikia neno mtihani asikimbilie mbali sana. Lakini umeomba nakala ya kadi, na sijawahi kukunyima karatasi. Imo ndani.

Mazoezi yanaendelea. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nakimbia na mfuko wa mchele begani, kilo kumi na tano, kutoka hapa mpaka darajani na kurudi. Mwenye duka ananipimia muda kwa saa yake ya kuchemshia mayai. Jirani mmoja aliniuliza kama nahama.

Nikupe kisa kimoja ujue nimechokaje. Kuna binti alikuwa anakuja ofisini kwangu kila Alhamisi saa ya chakula. Anakaa kwenye kochi la kijani, anafungua chombo chake, anakula wali na yai, anafunga, anaondoka. Miaka miwili. Sikumuuliza kitu, maana niliona nikimuuliza hatarudi. Ofisi yangu kwake ilikuwa mahali pa kulia tu. Na kila akija lazima nijaze fomu yenye visanduku kumi na vinne. Kwenye sababu ya kuja nikaandika: chakula cha mchana. Nikaitwa mara tatu nijieleze. Mwaka jana alimaliza, akainama mlangoni akasema, "Asante, mwalimu, umenisaidia sana." Nimemsaidia nini? Mpaka leo sijui. Nilikwenda kulia chumba cha fotokopi mpaka karatasi zikalowa, mashine ikakwama, nikajaza fomu nyingine ya kueleza kwa nini mashine imekwama.

Wako mamia kama huyo. Wanaingia hadithi iko katikati, wanatoka hadithi iko katikati, mimi nabaki na fomu.

Hukunijibu kuhusu ile shule.

Mwanao,
Su-jung


Penghu, 24 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Umepata 78, umepanda. Umeandika "mahali pa kulia" na haieleweki ni kulia chakula au kulia machozi. Nimekata alama moja, ingawa huenda huyo binti mwenyewe hakujua ni lipi.

Hapa kwetu ni salama. Karanga zimetoa maua. Mzee Lu Ting-kuei, mwenyekiti wa hekalu, amenunua mbuzi na amempa jina la mkewe wa kwanza.

Kadi yako niliipeleka tarehe 18. Nimeisoma vizuri kabla ya kuiweka. Jina, picha (ungechana nywele), namba, mhuri wa manispaa, halafu chini: "Mtihani wa vitendo. Uje na viatu vya raba." Hapo nilisimama kidogo. Enzi zangu tulivaa viatu vya ngozi. Lakini Mzee Lu akasema siku hizi wakuu wa shule wanapimwa hata kukimbia moto, na mimi nikaona ni kweli, tena hilo la mfuko wa mchele umefikiria vizuri. Mwalimu mkuu asiye na pumzi hawezi kusimamia hata gwaride.

Nikatupa vile vibao viwili vya hekalu kumuuliza mungu kama utafaulu. Kimoja chali, kimoja kifudifudi: ndiyo. Nikatupa tena: ndiyo. Mara ya tatu: ndiyo. Mara tatu mfululizo, Su-jung. Mimi mwenyewe hajawahi kunipa tatu. Nikafurahi mno, nikaweka nadhiri palepale mbele ya Mzee Lu: ukifaulu mtihani huu, namletea mungu mchezo wa vikaragosi wa siku tatu, kikundi kamili, na jenerali mwenye ndevu.

Kisiwa kizima kinajua. Mwenye duka la samaki wakavu ameanza kuniita "mama wa mkuu". Nimemwambia asitangulize mambo, ila sijamwambia aache.

Shangazi yako,
Pi-hsia


Chiayi, 20 Julai

Shangazi,

Shikamoo, na samahani. Paka wadogo wamepata watu. Chih-wei anapanda basi. Mimi nimefaulu, na nimekudanganya, na yote mawili ni ya kweli.

Sikukudanganya kwa mdomo. Ulijidanganya mwenyewe, mimi nikakaa kimya, halafu nikakutumia kadi. Naona hiyo ni mbaya zaidi.

Mtihani haukuwa wa ualimu mkuu. Ulikuwa wa kikosi cha usafi cha manispaa. Gari la taka, shangazi. Lile la njano linalopiga muziki na watu wote wanatoka mbio na mifuko. Tulikuwa watu mia mbili na kumi na wanne, nafasi tisa. Unabeba mfuko wa mchanga, kilo kumi na tano, unakimbia unazunguka koni, unarudi, unautupia kwenye gari. Kijana mbele yangu ana shahada ya pili ya fizikia. Alianza kwa kasi kubwa, akatapika kwenye koni. Mimi nilikuwa wa kwanza kwa wanawake wote. Msimamizi alitazama saa yake, akaipiga-piga akidhani imesimama.

Ulikuwa hujaniuliza kompyuta ilisema nini. Ilisema: kazi ya nje, yenye ratiba, gari kubwa, muziki, na kukutana na watu kwa muda mfupi. Nilipofika hapo pa muda mfupi nilihisi kama mtu amenitua mzigo.

Shuleni nimeshaandika barua ya kuacha kazi. Naanza tarehe moja Septemba.

Niambie kitu, hata ukinitukana.

Mwanao,
Su-jung


Penghu, 11 Agosti

Su-jung,

Barua imefika. Nakurudishia. Sikuisahihisha.

Nimekwenda hekaluni kumweleza mungu kwamba kulitokea kosa la kiofisi na kwamba nadhiri ifutwe. Nikatupa vibao. Vyote viwili vikalala chali. Anacheka. Nikaeleza upya, nikatupa, chali vyote. Nikatupa mara tisa, akacheka mara tisa. Mzee Lu alikuwa amesimama nyuma yangu, akasema tangu hekalu lijengwe hajaona mungu akifurahi hivyo, akaniuliza utapangiwa shule gani. Nikamwambia bado.

Nadhiri ni nadhiri, na mimi niliomba ufaulu mtihani huu na kadi yenyewe niliiweka mezani kwa mkono wangu. Vikaragosi vinakuja mwezi wa Kumi. Kabla ya mchezo, fundi anayevichezesha hutangaza kwa kipaza sauti nani ametoa na kwa sababu gani, na kipaza sauti chao husikika mpaka kisiwa cha pili. Nilikuwa mwalimu mkuu hapa miaka kumi na saba. Kila anayenipita njiani nilimfundisha mimi, au nilimchapa baba yake. Sijui huyo fundi atatangaza nini.

Ilikuwa imebaki miaka sita tu upate pensheni kamili. Rudi kabla shule hazijafunguliwa. Waambie ulikuwa na homa.

Usiniandikie mpaka uwe umerudi. Na ile shule usiniulize tena.

Pi-hsia


Chiayi, 28 Oktoba

Shangazi,

Shikamoo, na samahani, maana ulinikataza kuandika na sijarudi.

Paka mzima. Mwenye duka la wali siku hizi ananiwekea bakuli pembeni, anasema watu wa gari la taka hawapangi foleni kwake. Kwa ualimu wangu wote nilipanga foleni. Vikaragosi najua vimeshapita, ila sijui kilitangazwa nini. Chih-wei alikuwa huko, na kila nikimuuliza anasema, "Muulize mwenyewe," halafu anakata simu.

Basi nikueleze kazi, usome au usisome.

Kiongozi wa gari letu ni dada mmoja anaitwa Chuang Wan-chi. Siku ya kwanza alinitazama kuanzia kofia mpaka buti, akasema, "Mwalimu Yen. Kochi la kijani." Nilikuwa mshauri wake miaka kumi na tano iliyopita. Kwenye faili lake niliandika, kwa mwandiko wangu mwenyewe: hawezi kufuata ratiba. Sasa anaendesha gari ambalo bibi wa kona ya tatu anameza dawa zake za presha kwa kulisikia.

Tukiwa njiani akaniuliza, "Mwalimu, umeumia wapi mpaka ukaja huku?"

"Sijaumia."

"Sema tu. Hapa hatujazi fomu."

Nikamwambia yote, la yule binti wa wali na yai, la kompyuta, la vibao na vikaragosi. Alipiga honi kwa kucheka, watu wa mtaa ule wakatoka na taka zao dakika nne kabla ya wakati. Halafu akasema, "Mimi nilikuwa nakuja kwako kwa sababu kwenu kulikuwa na feni." Basi na hiyo hadithi nimeijua mwisho wake.

Makombo yaliyopikwa ni ya nguruwe, maganda mabichi ni ya mbolea, na kila siku kuna mzee mmoja anayetupa maganda ya ndizi kwenye pipa la nguruwe makusudi. Miaka kumi na tisa sikuruhusiwa kumwambia mtu kwamba amekosea. Ilibidi niseme, "Nasikia unavyojisikia." Sasa nasema, "Babu, hilo si la nguruwe." Babu anatoa, ananiita mchawi, kesho anarudi. Tunapatana sana. Na mfuko ukiingia mdomoni mwa gari, umekwenda, umeisha. Siku nzima naona mambo yakiisha. Nalala vizuri, shangazi. Sijalala hivi tangu nikiwa kwako.

Samahani kwa ile kadi. Ningekuambia Machi usingemuapia mungu wa watu. Samahani pia kwa miaka uliyouza karanga sokoni kila likizo ili nisome, halafu nikaenda kubeba mifuko. Najua ulitaka nini. Ulitaka siku moja useme, "Huyu ni mwanangu," na watu wasimame.

Sirudi shule. Sikuombi ufurahi. Naomba kitu kimoja tu: siku moja uitaje kazi yangu kwa mdomo wako, kwa jina lake, hata ukiwa umekasirika. Usipoitaja nitaona kama ninaifanya kwa siri, na gari lenyewe linapiga muziki.

Samahani kama karatasi inanuka. Mikono nimenawa mara tatu.

Mwanao,
Su-jung


Penghu, 3 Desemba

Mwanangu Su-jung,

Marahaba. Nimechelewa kwa sababu nilitaka kuchelewa. Karanga tumevuna, nakutumia mfuko. Nusu yake mpe huyo Wan-chi. Mzee Lu hajambo, mbuzi amekula kitabu cha wageni wa hekalu.

Kikundi kilifika tarehe 14 Oktoba kwa boti, watu watatu na masanduku sita. Watazamaji tulikuwa mimi, Mzee Lu, wanawake wanne, Chih-wei aliyekuwa amegonga nguzo ya hekalu akiegesha gari la kukodi, na mungu mwenyewe, ambaye ndiye mgeni rasmi. Wengine walikuwa majumbani, ila madirisha yote yalikuwa wazi, na kwa huo upepo wa mwezi wa Kumi hakuna anayefungua dirisha bila sababu.

Nilikuwa nimemwandikia fundi karatasi: Yen Pi-hsia anatoa mchezo huu kwa kuwa mwanawe amefaulu mtihani wa serikali. Hakuna neno la uongo humo, nililichuja wiki nzima. Fundi akasoma. Nikavuta pumzi. Lakini mafundi wa vikaragosi hawana adabu. Akamtoa jenerali mwenye ndevu, jenerali akanigeukia, akasema kwa kipaza sauti, "Mtihani gani, mama? Tusije tukampigia saluti mtu tusiyemjua cheo."

Su-jung, palikuwa kimya mpaka nikamsikia mbuzi akitafuna.

Nikasimama, nikakichukua kile kipaza sauti. Nilikusudia kusema ualimu mkuu. Sikufichi, neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikatazama madhabahu nikaviona vile vibao vimelala pale, nikajua nikisema uongo atacheka, na safari hii mbele za watu. Na nilikuwa nimeshachoka kuchekwa. Nikasema: "Kikosi cha usafi. Gari la taka la Chiayi. Amebeba kilo kumi na tano akakimbia, akawa wa kwanza kwa wanawake wote, na mwenye shahada ya fizikia akatapika."

Jenerali akapiga saluti. Mzee Lu akaniuliza, "Wa kwanza?" Nikamwambia wa kwanza. "Kazi ya kudumu?" Nikamwambia ya kudumu. Akafikiri, akasema, "Basi ndiyo maana mungu alikuwa anacheka."

Kwa hiyo unachoniomba kwenye barua yako nilikuwa nimeshakifanya wiki mbili kabla hujaomba, na kimesikika mpaka kisiwa cha pili. Chih-wei nilimkataza kukuambia. Nilitaka nione kama utaandika hata nilipokukataza.

Mambo yameharibika tangu siku ile. Kuna kadi saba kwenye meza ya mungu, zote za vikosi vya usafi, na watu hawaleti figili wala seleri, wanaleta viatu vya raba. Mungu wa wasomi amezungukwa na raba kama mwenye duka. Mpwa wa Mzee Lu anazunguka hekalu asubuhi na mfuko wa karanga begani, na mama yake anakuja kwangu kuniuliza wewe ulikuwa unakula nini. Nimewaambia wali wa batamzinga, wenye chumvi.

Umeniuliza mara mbili kuhusu ile shule. Wanaweka chupa za plastiki. Makopo na magazeti pia, vya kisiwa kizima, mpaka boti ije kuvichukua. Walikuwa wanamwaga tu, chupa juu ya magazeti, kwenye madarasa niliyopaka rangi kwa mikono yangu. Nilikwenda kuwagombeza. Siku ya pili nikaenda kuwaonyesha. Siku ya tatu nikaenda na glavu. Sasa ni mwaka wa pili. Makopo darasa la nne, magazeti maktaba, chupa darasa la tatu, na kengele naipiga mimi mwenyewe nikimaliza. Nilikuwa sitaki ujue. Mwalimu mkuu wa miaka kumi na saba anapanga chupa, niliona aibu. Halafu ukaniandikia kuhusu babu wa maganda ya ndizi nikacheka peke yangu jikoni, maana mimi ninaye wangu, anatupa betri kwenye magazeti.

Una swali moja la kunijibu kikazi, usichelewe: vifuniko vya chupa vinatolewa au vinaachwa? Huku kila mtu anasema lake, na darasa la tatu limejaa mpaka ubaoni.

Simu nimeitoa kwenye mchele. Haiwaki. Endelea kuandika.

Barua yako nakurudishia, nimeisahihisha. Umepata 96, hujawahi kufika hapo. Hainuki. Alama nne zilizopungua ni za neno moja tu, umeliweka mara nne bila sababu. Ni samahani. Nimelikata kote.

Shangazi yako,
Pi-hsia